Kipupwe cha Njombe na watoto wadogo: ukavu kwanza, sweta baadaye

Kila mwisho wa Mei swali ni lile lile kutoka kwa wadogo zangu na marafiki waliohamishiwa kikazi nyanda za juu kusini: "Dada, baridi ya huko ni kali kweli? Nije na masweta mangapi ya mtoto?" Jibu langu huwashangaza kidogo. Nawaambia walete nepi za kutosha, kamba ya kuanikia ndani na nailoni ya kufunika godoro. Masweta tutayaongea baadaye.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Njombe, na wanangu wote wamekulia huku. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi joto 10, na ukipanda upande wa Makete na Kitulo kuna asubuhi unakuta sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda mabondeni, majani ya viazi yameungua. Lakini baridi yenyewe, ile ya kuuma masikio, wanangu waliizoea upesi kuliko mimi. Kinachotutesa ni unyevu. Ukungu unashuka jioni, unaondoka saa nne asubuhi, na siku nyingine hauondoki kabisa, manyunyu kutwa nzima. Nguo ya Jumatatu unaishika Jumatano, bado mbichi. Na mtoto mkavu mwenye sweta moja ana nafuu kuliko mwenye masweta matatu na soksi zilizolowa.

Tuanze na nepi, maana ndizo zitakazokutoa jasho kwenye baridi hiyo hiyo. Pampasi zipo madukani, na usiku nazitumia bila kuona aibu. Ila mtoto mchanga anayebadilishwa kila mara, kwa pampasi peke yake mshahara hauendi mbali, kwa hiyo nepi za kitambaa lazima ziwepo. Wamama wa huku wana namna yao ya kukamua. Ukishakamua kwa mikono, unaiviringisha nepi ndani ya kanga kuukuu iliyokauka, unaiweka sakafuni na kuikanyaga vizuri kwa miguu. Ile kanga inakunywa maji yote yaliyobaki. Kisha unaanika juu, karibu na dari, kwa sababu joto la nyumba liko juu. Jua likichungulia mchana, hata kwa saa moja tu, kila kitu kinatoka nje, mgeni awepo sebuleni asiwepo.

Mwisho ni pasi. Kwetu Tanga pasi ilikuwa ya sare za shule na kanzu ya Ijumaa. Huku ni kifaa cha kulea. Nepi iliyopigwa pasi pande zote mbili inamaliza ule unyevu wa ndani, na ukimvalisha mtoto ikiwa bado na uvuguvugu, ananyamaza hapo hapo. Umeme ukikatika kuna pasi ya mkaa, ila hiyo piga nje au barazani. Kabla ya kumvalisha, iguse nepi kwa shavu lako. Vidole vilivyoganda havijui kutofautisha kitu baridi na kitu chenye maji, shavu linajua.

Wakubwa kidogo nao wana lao. Mtoto aliyeacha kukojoa kitandani tangu Februari, Juni ikiingia anaanza upya. Mwili usiotoa jasho hutoa maji kwa njia nyingine, na kwenye nyumba nyingi choo kiko nje, gizani, kwenye ukungu. Hata mimi ningesita. Kumchapa au kumtangaza mbele ya wenzake hakusaidii chochote. Mwamshe saa nne usiku kabla hujalala mwenyewe, muwekee poti pembeni ya kitanda, tandika nailoni juu ya godoro, kisha kanga zilizokunjwa, kisha shuka. Usiku wa manane unavuta kanga na shuka, unaweka nyingine, mnaendelea kulala. Godoro la sponji likishalowa Julai, utalipeleka nje na kulirudisha ndani wiki nzima.

Sasa masweta. Tuna bahati ya mitumba, na marobota yanayofunguliwa huku yana nguo nzito kweli kweli. Nunua Aprili, kabla bei haijachangamka. Kwa mchanga natafuta ile nguo ya kipande kimoja, yenye miguu na zipu mbele, kwa sababu soksi za mtoto hazikai mguuni hata dakika tano. Ndani kabisa avae fulana ya pamba, maana ndiyo inayonyonya jasho, na fulana hiyo ibadilishwe mchana. Mtoto wa miaka mitatu anakimbia, anatoa jasho, anakaa chini, jasho linapoa mgongoni. Hapo ndipo baridi inapompata. Nguo nyepesi kadhaa unazoweza kuvua moja moja zinafaa kuliko koti moja nene.

Mama mkwe wangu, Mungu amweke, amelima vinyungu, zile bustani za mabondeni, maisha yake yote na baridi anaijua kuliko mimi. Kwa mjukuu wa kwanza alikuwa akimfunga mpaka inabaki pua.

"Mama, naomba nimvue hili la juu, ameanza kutoa jasho."

"Mwanangu, huku si Tanga."

"Ni kweli, mama. Hebu mguse hapa nyuma ya shingo."

Akamgusa. Hakusema kitu. Akamvua sweta kwa mikono yake, ila kofia akaikatalia, na kwenye kofia alikuwa na haki, kwa sababu mtoto mchanga anapoteza joto jingi kichwani. Nje kofia inabaki. Akilazwa ndani tunamvua, isije ikamteremkia usoni.

Hapo nyuma ya shingo, au mgongoni, ndipo pa kupimia. Viganja na nyayo za mtoto mchanga huwa baridi hata akiwa sawa kabisa, na bibi wengi wanamwongezea nguo kwa sababu hiyo tu. Shingo ikiwa na jasho, punguza. Ikiwa baridi, ongeza moja, au mbebe. Mbeleko na mgongo wa mama hakuna sweta la kuvishinda. Usiku mlaze chali, uso wazi, na yale mablanketi mazito ya watu wazima yasimpande kifuani wala usoni.

Kwenye jiko la mkaa chumbani nitakuwa mkali. Usiliingize. Najua linavyoshawishi: umemaliza kupika, makaa bado mekundu, watoto wanatetemeka, unasema liwapashie chumba nusu saa tu. Mkaa ukishakolea hauna moshi, na hapo ndipo watu wanadhani uko salama, kumbe ndio unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, kichefuchefu, usingizi mzito, basi. Watoto huwahi kuzidiwa kuliko wakubwa. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyokutwa asubuhi haijaamka. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Jiko la kukaushia nguo zilizotandazwa juu ya tenga nalo ni hivyo hivyo: lifanyie kazi uani, mtu akilitazama, maana tenga nalo linashika moto. Ukitaka kitanda chenye joto, weka mpira wa maji moto uliofungwa kwa kitambaa robo saa kabla ya kulala, kisha utoe ndipo mtoto aingie.

Kuota moto jikoni ni jambo jingine, na sitamnyima mtoto wa Njombe raha hiyo. Sisi tumechora mstari wa mkaa sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye mafiga, na hata mdogo anayetambaa anarudishwa na kaka yake akiuvuka. Mlango uwe wazi moshi utoke. Macho na vifua vya watoto vinaumia kwa moshi kuliko kwa ukungu. Mtoto akiungua, mwagia maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, nenda kituo cha afya. Dawa ya meno, unga wa ngano na ute wa yai viacheni kwenye kazi zake.

Mafua yatakuja, hilo lichukulie kama sehemu ya msimu. Likizo ya Juni inawaweka watoto wote nyumbani wakati wa baridi kali kabisa, wamejazana chumba kimoja, madirisha yamefungwa, mmoja akipiga chafya wote wamepata. Ndiyo maana mimi hufungua madirisha kila siku jua likitoka, hata mkwe wangu aseme nini. Mtoto mchanga mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Mkubwa mpe uji mwepesi na supu, kwa sababu kwenye baridi hawaombi maji na wanakauka bila wewe kujua. Asali kwenye maji ya uvuguvugu inatuliza kikohozi cha aliyetimiza mwaka. Chini ya mwaka usimpe kabisa.

Kitu ambacho ningependa kila mama wa huku akijue ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa ametulia, halii wala hanyonyi, mfunue kifua na uhesabu kinavyopanda kwa dakika moja nzima, ukitazama saa. Aliye chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka ni 50, na kuanzia mwaka mmoja mpaka miaka mitano ni 40. Ukiona idadi hiyo, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au amekataa kunyonya, au amepata degedege, usisubiri kupambazuke. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na nimonia inataka dawa ya hospitali. Angalia pia kadi ya kliniki: chanjo ya nimonia iko kwenye ratiba yetu tangu 2013, na inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mtoto anayezaliwa Aprili au Mei dozi zake zinaangukia kipupwe chenyewe, na mama wengi huahirisha kwa kuogopa kumtoa nje kwenye baridi. Mtoe. Mfunge vizuri, nenda saa tano jua likiwepo.

Kisha atakuja jirani, mwenye nia njema kabisa: "Kikohozi cha wiki nzima? Huyo ana kimeo, mpelekeni akakatwe." Kimeo kila mtu anacho, ni kile kinyama kinachoning'inia kooni, na kukikata hakutibu kikohozi. Kunaleta damu isiyokoma, kidonda kinachooza, hata pepopunda. Mzazi mgeni hupata shida kumkatalia mtu mzima. Mimi husema, "Asante sana shangazi, kliniki wameniambia nimrudishe Ijumaa," nao hawawezi kushindana na kliniki. Hata kama hawajakwambia, mpeleke Ijumaa hiyo kweli.

Kuoga ni saa saba au saa nane mchana, chumba kikiwa na joto la jua, na si lazima kila siku. Siku za ukungu mfute uso, kwapa, shingo na makalio kwa kitambaa cha maji moto, inatosha. Kwa mtu wa pwani hilo lilinichukua muda kulikubali. Mpake mafuta ya mgando papo hapo ngozi ikiwa bado na unyevunyevu kidogo, hasa mashavuni. Yale mashavu mekundu ya watoto wa huku, ambayo wageni wanayasifia kwenye picha, mara nyingi ni ngozi iliyopasuka, na inauma mtoto anapolia machozi yakapita juu yake.

Nisije nikawatisha, kipupwe kina raha zake. Saa mbili asubuhi wanangu wanasimama mlangoni wakipuliza mvuke mdomoni, wanashindana nani "moshi" wake umefika mbali, na mdogo anapuliza kwa nguvu mpaka anatema mate. Wanakula bila kubembelezwa: makande, viazi vilivyochomwa kwenye majivu, uji wa ulezi bakuli la pili. Saa moja jioni hakuna pa kwenda, kila mtu yuko jikoni. Bibi anasema "Paukwa!" na ambaye yuko na kiazi mdomoni naye anataka kujibu "Pakawa!" Kwetu joto la usiku lilitutawanya, kila mtu na upepo wake barazani. Huku baridi inatukusanya tutake tusitake, na kusema kweli kuna siku nimechoka nao wote kwenye chumba hicho kidogo, natamani saa nne ya jua ifike niwafungulie mlango. Ikifika, watoke. Hata kama mmoja anarudi amevua viatu.

Kwa wanaokuja kututembelea Julai na watoto: sweta msibebe, mtanunua hapa sokoni. Bebeni soksi nyingi, kadi ya kliniki, na kanga zenu zote kuukuu. Na mkifika, mkisalimiwa "Kamwene," itikieni "Kamwene," kisha ulizeni wapi kuna jua.