Maswali ya Wasomaji: Nukta Mkato Iliyokata Maandishi

SWALI: Mhariri, ninaunda lugha ndogo ya programu yenye mabano kwa mtindo wa Lisp (jamii ya lugha za programu), ili niandikie kanuni za bei za samaki katika soko la Mwaloni, Kirumba. Nukta mkato (;) ndiyo inayoanzisha maelezo, yaani maneno ya binadamu ambayo kompyuta huyaruka, lakini maandishi yaliyo ndani ya nukuu kama "Sangara; kilo 5" hukatwa katikati. Tena, nikizima mstari mmoja kwa muda, mabano ya kufungia yaliyo mwishoni mwake humezwa. Nifanyeje? – Msomaji, Nyegezi, Mwanza.

JIBU: Ndugu msomaji, nukta mkato haina kosa, kwani ndiyo itumikayo katika Common Lisp na Scheme, lugha mbili za jamii ya Lisp. Inaelekea programu yako huondoa maelezo kwanza, ndipo itafute maandishi. Kazi hizo ziwe moja: kisomaji, yaani sehemu inayosoma programu iliyoandikwa, kipite herufi baada ya herufi, na kikikuta alama ya kufungua nukuu, kila kinachofuata kihesabiwe kuwa maandishi mpaka alama ya kufunga; kikiwa ndani ya maelezo, nukuu nazo zisiwe na nguvu yoyote hadi mstari uishe.

Ili nukuu iweze kukaa ndani ya maandishi, itangulize mkwaju wa nyuma (\). Hapa jihadhari: katika Common Lisp mkwaju ukifuatwa na n hutoa herufi n tu, ilhali Scheme ya sasa hutoa mstari mpya. Mimi ningefuata Scheme, na mkwaju ukifuatwa na herufi isiyo na maana maalumu, ningetoa kosa badala ya kukisia.

Kuhusu kuzima sehemu ya programu, iga alama #; iliyoingia katika kiwango cha Scheme cha mwaka 2007 (Clojure, lugha nyingine ya jamii hiyo, hutumia #_ kwa kazi hiyohiyo). Ukiandika #;(punguza bei 200), kisomaji huusoma usemi huo mzima kisha huutupa, na mabano ya nje hubaki salama. Kilichozimwa lazima kiwe na mabano kamili, hivyo alama hii haifai kwa maelezo ya kawaida. Maelezo yanayofunguliwa kwa #| na kufungwa kwa |# huweza kupangwa moja ndani ya jingine, tofauti na yale ya lugha ya C, lakini |# iliyo ndani ya maandishi huyafunga kabla ya wakati. Lugha ndogo kama yako haiyahitaji.

Hifadhi pia namba ya mstari ambako nukuu ilifunguliwa, kwa sababu nukuu isiyofungwa hugunduliwa mwisho wa faili, mbali na kosa lenyewe.