Serumu yangu ya vitamini C imegeuka kahawia

SWALI: Habari mtaalamu. Nilinunua unga wa asidi askobiki, yaani vitamini C yenyewe, nikayeyusha kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 30 za maji na kutia kwenye kichupa. Siku za mwanzo ilikuwa safi kama maji, ikiniwasha kidogo. Wiki ya pili ikawa njano, sasa ni kahawia. Serumu ya dukani yenye asilimia 15 ilikaa miezi bila kugeuka hivyo. Wanatuficha nini? Na nikinakili orodha ya viambato iliyo nyuma ya chupa yao, si nitapata kitu kilekile?

JIBU: Imwage. Hilo kwanza, mengine tutazungumza ukishaosha kichupa.

Hakuna kinachofichwa, ndugu yangu, ila lebo inakuambia jambo moja tu kati ya mengi. Asilimia 15 ni kiasi kilichotiwa siku ya kuchanganya. Haisemi leo kimebaki kiasi gani, wala kinachoingia ngozini ni kiasi gani. Sisi wakemia wa vipodozi muda wetu mwingi hauendi kwenye kile kiambato chenye jina kubwa, huenda kwa vile vinavyokizunguka.

Chukua pH, kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu unapanda. Asidi askobiki ikiwa ndani ya maji huwa na sura mbili, moja yenye chaji na nyingine isiyo nayo. Tabaka la juu la ngozi limeshikanishwa kwa mafuta, na kitu chenye chaji hakipenyi hapo kirahisi. Kwenye pH 4.2 sura hizo zinagawana nusu kwa nusu. Shuka hadi 3.5, takriban asilimia 83 haina chaji. Panda hadi 5.2, karibu na uchachu wa kawaida wa ngozi yenyewe, inabaki asilimia 9 hivi. Ndiyo maana Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walipopima kwenye ngozi ya nguruwe mwaka 2001 waliona pH inatakiwa iwe chini ya 3.5, na kwamba kupita asilimia 20 hakuongezi kinachoingia. Anayekuuzia asilimia 30 kwa majivuno anakuuzia mwasho.

Yako sasa. Kijiko kimoja kwenye maji hayo, bila kurekebishwa, kinakupeleka karibu na pH 2. Tofauti ya 2 na 3.5 inaonekana ndogo, lakini kipimo hiki hupanda kwa mara kumi kumi, kwa hiyo uchachu ulioupaka usoni ni kama mara 30 ya ule uliohitajika. Ule mwasho haukuwa dalili kwamba "inafanya kazi". Ilikuwa ngozi inalalamika.

Rangi nayo imeletwa na oksijeni. Kila ukifungua kichupa unaingiza hewa mpya, na mwanga na joto vinaharakisha uharibifu. Kuna mchawi mwingine watu hawamfikirii: chembe za chuma na shaba ndani ya maji. Kidogo mno kinatosha kuchochea. Kiwandani tunatumia maji yaliyoondolewa madini, kisha tunatia EDTA iyakamate yaliyobaki. Wengine hupunguza maji yenyewe na kuweka kimiminika kiitwacho propileni glikoli mahali pake. Mwaka 2005 watu wa Duke walionyesha kwamba asidi feruliki ya asilimia 0.5, ikiungana na vitamini C asilimia 15 na vitamini E asilimia 1, inaufanya mchanganyiko uwe imara zaidi, na kinga yake dhidi ya madhara ya jua ikaongezeka takriban maradufu. Hata hivyo, ya dukani nayo itageuka siku moja. Inachelewa tu.

Kuhusu kunakili orodha, hapa ndipo wengi wanapotea, hata wanaojiita walimu wa ngozi. Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi, lakini vikishafika chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaweza kuvipanga apendavyo. Nikupe ujanja mdogo: Ulaya kihifadhi fenoksiethanoli hakiruhusiwi kuzidi asilimia 1, hivyo dondoo la ua lililotajwa baada yake kwa kawaida ni tone tu la kupamba lebo. Ila orodha haitaji pH. Haisemi kipi kilitangulia kutiwa, kwa joto gani, wala kilikorogwa kwa kasi gani. Asidi hialuroniki, kile kiambato cha kutunza unyevu, mara nyingi huandikwa kwa jina moja iwe ya molekuli fupi inayokaribia wepesi wa maji au ndefu inayovutika kama ute. Unaweza kuwa na viambato vyote na ukaishia na uji.

Nami yamenikuta. Nina krimu niliyoipenda sana ambayo baada ya wiki saba kwenye kabati la nyuzi joto 40 ilijitenga, mafuta juu, maji chini. Fomula ileile niliyokuwa nimeshaisifia kwa wenzangu! Ndiyo maana tunasubiri miezi mitatu kwenye joto hilo, tunagandisha na kuyeyusha, halafu tunaipandikizia bakteria, hamira na kuvu kwa makusudi na kuhesabu waliobaki hadi siku ya 28.

Ukitaka kuendelea kujichanganyia, achana na asidi askobiki, kwa sababu kuipandisha pH yake kunahitaji alkali na kipimo cha uhakika, si kukadiria kwa kijiko. Tafuta sodiamu askobili fosfati, aina nyingine ya vitamini C. Inakaa vizuri karibu na pH 7 na haiwashi vile, ingawa ushahidi wa kupenya kwake ni mwembamba kuliko wa asidi yenyewe. Lakini maji yasiyo na uchachu ni kitanda cha bakteria, kwa hiyo kihifadhi hakikwepeki. Nikifika hapo kwenye maelezo, wengi wa waliotaka "kitu cha asili" huniaga.