Andikeni kwanza, mwenyekiti aseme mwisho

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Wazo jipya huzaliwa kundini au kichwani mwa mtu mmoja?" Mimi ni mwezeshaji wa mafunzo ya ubunifu kwa vijana na wafanyabiashara wadogo hapa Mwanza. Kwa ninayoyaona darasani, wazo huzaliwa kichwani mwa mtu mmoja, halafu kundi ndilo hulilea au kuliua. Na kwa namna tunavyoendesha vikao vyetu, mara nyingi huliua, tena kwa heshima na makofi.

Madarasa ya fikra bunifu yanafanana popote uendapo: bango kitita ukutani, kalamu za wino mzito, vikaratasi vya rangi vya kunata, watu wamekaa sita sita. Utaratibu huu ulipata umaarufu kupitia kampuni ya IDEO ya California na Chuo Kikuu cha Stanford, na hufundishwa kwa hatua tano: kumwelewa mwenye shida, kuitaja shida yenyewe, kuzalisha mawazo, kutengeneza kielelezo, kisha kukijaribu. Hatua ya tatu ndiyo bungua bongo, na washiriki huipenda kuliko zote kwa sababu ina vicheko. Kanuni zake zilienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara huko Marekani, katika kitabu chake cha 1953: msikosoane, semeni hata la ajabu, toeni mengi, jengeni juu ya wazo la mwenzenu.

Sina ugomvi na kanuni hizo. Ila Osborn aliwatungia watu wa ofisi ya matangazo, ambao kusema ndiko kunakowalipa mshahara. Kusanya watu sita hapa Ilemela uone. Kabla hujamaliza kutoa maelekezo wameshapata mwenyekiti na katibu. Mwenyekiti ni mwenye umri mkubwa au aliyewahi kushika ofisi. Katibu ni binti mwenye mwandiko mzuri, na kuanzia hapo usitegemee wazo lake, maana kazi yake ni kuandika ya wenzake. Mwenyekiti anafungua kikao kwa kutoa wazo lake. Anayefuata anaanza, "Kama alivyosema mzee wetu..." Anayefuata tena, "Mimi naunga mkono, ila naongezea kidogo..." Ile kanuni ya kutokosoana haina kazi hapo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na nia ya kumkosoa mzee. Ukosoaji wote upo, lakini unasubiri chai ya saa nne, kule nje, kwa sauti ya chini. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, nami nakubali kabisa linapokuja suala la kuamua ugomvi wa shamba. Kwenye kuzalisha mawazo, mzee akitangulia kusema, mengine hayazaliwi.

Nitoe mfano wa zoezi moja la dagaa. Wasiokaa ziwani wajue kwanza kwamba dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za sola. Uvuvi unanoga siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, dagaa hawaifuati taa na mitumbwi mingi hupumzika. (Ndiyo maana nikitaka akina mama wa dagaa waje darasani, napanga siku za mbalamwezi. Ratiba ikipangwa ofisini bila kuangalia mwezi, utafundisha viti.) Alfajiri mitumbwi inaingia, akina mama wananunua kwa beseni au ndoo na kuanika: wengine mchangani, wengine juu ya nyavu, wengine kwenye chanja. Jua likiwaka vizuri, jioni dagaa wamekauka. Mvua ikinyesha mchana, mtaji umelowa, na waliokuwa chakula cha watu wanaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Swali la zoezi likawa: tufanyeje ili mvua isimtie hasara mama anayeanika dagaa? Kundi moja lilikuwa na mstaafu, fundi wa kuchomelea, vijana wa chuo na mama mmoja muanikaji. Mstaafu alianza: mashine ya kukaushia ya umeme. Baada ya hapo bango lilijaa kweli: mashine ya sola, mashine ya gesi, mashine ya mkopo, mashine ya kukodi, mashine ya kikundi. Ukihesabu mistari ni mawazo mengi. Ukisoma, ni wazo moja limebadilishwa nguo. Mama muanikaji, mtu pekee mezani aliyewahi kuzoa dagaa kwenye mvua, alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

Tukarudia, safari hii kimya. Kila mmoja na kadi zake, bila jina, bila kuchungulia. Kadi zikakusanywa, zikachanganywa, nikazisoma mimi. Moja iliandikwa kwa kalamu ya taratibu: mvua ya hapa tunaiona ikija kutoka ziwani, tatizo ni kwamba kuzoa kunachukua muda kuliko mvua kufika. Kadi hiyo haikuwa na suluhisho lolote, lakini iligeuza swali zima. Kumbe hatukuwa tunatafuta namna ya kukausha, jua linakausha bure. Tulikuwa tunatafuta namna ya kuondoa haraka.

Hapo ndipo kundi likafanya kazi ambayo mtu mmoja asingeiweza. Fundi alichora fremu nyepesi zenye wavu, zinazobebwa na watu wawili na kupangwa moja juu ya nyingine kama trei za mayai, turubai moja inafunika zote. Kijana mmoja akauliza zitalala wapi, kwa sababu vyuma vya mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, vina miguu usiku. Wakahamia kwenye mbao. Mama akasema fremu zisizidi urefu wa mikono yake. Mstaafu naye, nimpe haki yake, ndiye aliyepiga hesabu ya gharama na kuonyesha kwamba za kuanzia chache zinatosha. Mabishano yalikuwa makali, na hakuna aliyenuna, kwa sababu kadi haikuwa na mwenyewe wa kuonewa aibu.

Wataalamu walishayapima haya. Mwaka 1958, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha makundi ya watu wanne waliokaa pamoja na watu wanne wanne waliofikiri kila mtu kivyake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Waliokuwa peke yao walitoa karibu mara mbili. Mwaka 1987, Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: mmoja akisema, wengine wanasubiri zamu, na wakisubiri wanasahau au wanaona lao halifai tena. Mjerumani Bernd Rohrbach alikuwa ameshatoa dawa mwaka 1968: watu sita, kila mmoja aandike mawazo matatu kwa dakika tano, ampe karatasi jirani yake aendeleze, hadi izunguke meza yote. Kwa nusu saa mnapata mawazo 108, na hakuna aliyeomba nafasi ya kuzungumza.

Sisi tunaitumia, ila si kama ilivyo. Dakika tano zinamwonea asiyezoea kalamu, kwa hiyo tunaruhusu kuchora, au kumnong'oneza jirani akuandikie. Wengine mawazo yao huja kwa Kisukuma au Kijita kwanza. Waacheni waongee wawili wawili kwa lugha wanayotaka, Kiswahili kitafuata. Na mkubwa wa meza anasoma kadi zake mwisho. Hili huwa natangaza mwanzoni kwa kila meza, ili asijione ameonewa.

Vijana huniuliza swali jingine, nadhani ni zito kuliko lenu: wazo likitoka kundini ni mali ya nani? Sina jibu la kuridhisha. Kuhusu zile trei, mama anasema wazo ni lake, fundi anasema bila yeye lingebaki kadi, na mstaafu ameshaandika rasimu ya katiba ya kikundi, nafasi ya mwenyekiti ikiwa na jina tayari.