Jiografia chuo kikuu: baada ya hapo mtu anafanya kazi gani?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Mimi ni msichana wa Kilosa, nimemaliza kidato cha sita katika tahasusi ya HGL (historia, jiografia na Kiingereza) na jiografia nimepata A. Natamani kuendelea nayo chuo kikuu, lakini baba mdogo, ambaye ndiye anayenisomesha, anasema jiografia ni kukariri milima na mito na mwisho wake ni ualimu, nao walimu wanaosubiri ajira ni wengi. Nimwambie nini?

JIBU: Marahaba, binti yangu. Baba yako mdogo usimkasirikie, maana hofu yake ina msingi. Wapo vijana wengi wenye shahada ambao wamekaa mtaani miaka kadhaa wakingoja tangazo la ajira, na mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Alipoteleza ni pale anapodhani kwamba jiografia ya chuo kikuu ni ile ile ya shuleni, imeongezwa kurasa tu.

Mchukulie mfano wa hapo hapo kwenu. Katika mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, Mto Mkondoa ulifurika ukaingia mjini Kilosa, maelfu ya watu wakakosa makazi, na Reli ya Kati ikaharibiwa kiasi cha treni kusimama. Shuleni mtu hufundishwa mto unaanzia wapi na unamwaga wapi. Chuoni ataulizwa kwa nini maji yaliifikia nyumba hii yakaiacha ile, mashamba ya milimani yamebadilikaje katika miaka thelathini, mchanga umejaa kiasi gani mtoni, na kwa nini watu walijenga bondeni wakati wazee walikuwa wakilijua bonde hilo. Kila swali kati ya hayo lina namna yake ya kulipima, na kupima huko ndiko kunakomfanya mtu aitwe kazini.

Mimi mwenyewe nilielewa hivyo mwaka wa pili, tulipopelekwa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, kila kundi likiwa na kifaa cha GPS, futi na daftari. Mama mmoja alikuwa barazani akikaanga samaki. Tulipomwuliza maji ya mafuriko yalifika kimo gani, aliinuka, akafuta mkono kwenye kanga, akaweka kiganja ukutani chini kidogo ya kifua chake, akasema, “Hapa.” Tukapima: sentimita 112. Tulifanya hivyo nyumba kwa nyumba kwa siku tatu, kisha tukaziingiza namba zote kwenye kompyuta, na ramani iliyotoka ilionyesha maji yakifuata mkondo wa zamani ambao sasa umefunikwa na nyumba kabisa. Mama yule alikuwa ameubeba ushahidi huo mwilini mwake. Kazi yetu ilikuwa kuuweka mahali ambapo mhandisi na diwani wangeweza kuusoma.

Kuhusu ajira, mwambie baba mdogo kwamba Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 61,741,120, isingewezekana bila kwanza kuigawa nchi nzima katika maeneo madogo ya kuhesabia watu, na mipaka ya maeneo hayo huchorwa kwenye ramani na watu waliosomea kazi hiyo. Ndivyo ilivyo pia kwa anwani za makazi. Mwambie kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inadai miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na kwamba makampuni yanayofanya tathmini hizo huhitaji mtu anayejua udongo, maji na makazi ya watu kwa pamoja. Mwambie habari za mabonde ya maji, hifadhi za wanyama na mashirika ya maafa. Zaidi ya yote, mkumbushe migogoro ya wakulima na wafugaji wilayani kwenu, ambayo imeua watu. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaosema hapa palimwe, hapa pachungiwe na njia ya ng’ombe kwenda majini ipite wapi, ni jiografia tupu, na kijiji kinachokosa mpango huo huweza kuulipia kwa damu. Kwa maoni yangu hakuna kazi ya fani hii iliyo muhimu kuliko hiyo.

Lakini sitakuficha jambo. Shahada ya jiografia haikupi cheo kama udaktari au uhasibu unavyotoa. Haikufanyi mpima ardhi wala mpanga miji, maana taaluma hizo zina kozi zake, kwa mfano katika Chuo Kikuu Ardhi, na wataalamu wake husajiliwa kisheria. Upimaji ardhi, kwa kawaida, hudai hesabu ambazo wewe wa HGL hukusoma. Kwa hiyo utaajiriwa kwa unachoweza kukifanya. Kabla ya kujaza fomu, soma orodha ya masomo ya kila mwaka, utafute chuo chenye mifumo ya taarifa za kijiografia, uchambuzi wa picha za setilaiti, takwimu na mafunzo ya uwandani. Takwimu usizikimbie, hata zikikutesa muhula wa kwanza. Programu ya QGIS, ya kuchorea na kuchambulia ramani kwenye kompyuta, hupakuliwa bure, na picha za setilaiti za Landsat na Sentinel nazo ni bure, hivyo mwenye kompyuta ya kuazima anaweza kuanza kabla hajafika chuoni. Anza na Mkondoa.

Ualimu nao usiudharau. Ukiutaka, chagua shahada yenye ualimu ndani yake, jiografia pamoja na Kiingereza, kwa moyo wako wote.

SWALI: Simu yangu ina ramani ya dunia nzima. Kuna haja gani ya kumsomesha mtoto kuchora ramani? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu yangu, ramani hiyo kuna aliyeichora. Hadi 2011, sehemu kubwa ya Tandale, Dar es Salaam, mahali penye maelfu ya wakazi, haikuwa na maelezo ya maana kwenye ramani za kompyuta. Mwaka huo wanafunzi wa chuo na wakazi wenyewe waliingia vichochoroni na vifaa vya GPS, wakaandika mabomba ya maji, vyoo, mitaro na majalala, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria uliipeleka kazi kama hiyo katika kata nyingine za jiji zinazofurika. Setilaiti huona bati la paa. Jina la mtaa, kisima kilichokauka na mtaro ulioziba huandikwa na mtu aliyefika hapo kwa miguu na kuuliza.