Kidonda kidogo, maumivu makubwa

Nilipoutaja kwa kupita tu ugonjwa wa mshtuko wa sumu ya streptokoka, simu yangu haikulala. Haya hapa maswali manne.

Daktari, shikamoo. Ni kweli kijidudu hicho ndicho kinachompa mwanangu mafindofindo?

Marahaba. Ndicho, streptokoka wa kundi A. Kwa kawaida huishia kooni au kwenye ngozi, na dozi ya penisilini humtosha. Mara chache sana hupenya kwenye damu au misuli na kumwaga sumu inayoichokoza kinga ya mwili mzima kwa mpigo. Mishipa huvuja, presha hushuka, figo na ini hugoma. Usikeshe kwa hofu kila mtoto anapoumwa koo. Lakini ukishampata mtu, wagonjwa 3 au zaidi kati ya 10 hufariki, hata wakitibiwa.

Nitautambuaje mapema?

Hapa ndipo wengi wanapoponyokwa. Unaanza na homa, baridi, misuli kuuma na kichefuchefu, mtu anajisemea "malaria hii", anameza dawa na kujifunika shuka. Ndani ya saa 24 hadi 48 presha imeshaporomoka. Mimi huuliza jambo moja kwanza: maumivu yanalingana na kidonda? Mkwaruzo wa mwiba mguuni haumfanyi mtu mzima alie hata shuka ikimgusa. Chukua biro, zungushia wekundu ulipokomea, andika saa pembeni, kisha tafuta usafiri hapohapo. Alama hiyo itamwonyesha daktari kasi ya wekundu kusambaa. Mgonjwa akihema haraka, moyo ukimwenda mbio, mkojo ukipungua au akiongea maneno yasiyoeleweka, msingoje kukuche.

Nilisikia ni ugonjwa wa wanawake wanaotumia tamponi, zile pamba za hedhi zinazowekwa ndani.

Huo ni binamu yake, wa stafilokoka, bakteria mwingine, uliovuma Marekani mwaka 1980. Huu wa streptokoka hauchagui. Jim Henson, aliyebuni vikaragosi vya Muppets, alifariki New York tarehe 16 Mei 1990 akiwa na miaka 53, saa kama 20 tu tangu alazwe. Wazee, wenye kisukari, watoto wenye tetekuwanga na mama waliotoka kujifungua wawe macho zaidi.

Tujikinge vipi? Nikiwahi amoksilini ya duka la dawa si inatosha?

Chanjo haipo. Kidonda kioshe kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kisha kifunike. Dawa ya meno, majivu na kinyesi cha ng'ombe viache (bado naviona, tena mjini). Mtoto mwenye tetekuwanga mkate kucha. Anayemzalisha mama anawe mikono. Daktari Ignaz Semmelweis alilionyesha hilo Vienna mwaka 1847, akachekwa.

Kuhusu amoksilini, hapana. Mshtuko ukishaanza, mgonjwa anahitaji wodi: maji mengi ya dripu, penisilini ya mshipa pamoja na klindamaisini inayowazuia bakteria kutengeneza sumu, na mara nyingi kisu cha kuondoa nyama iliyooza. Vidonge vya dukani vitakupotezea saa ambazo huna. Na wewe uliyemuuguza, ni nadra kuambukizwa ukaugua hivyo, lakini ukipata homa siku zinazofuata, mtajie daktari mgonjwa wako kabla hata hajakupima.