Kwa nini simu hainitoshi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa Nakuru hatujambo, na nyanya yako anakusalimu sana. Swali lako la Jumapili nimelibeba mpaka leo. Uliniuliza, "Mama, hiyo simu niliyokununulia inapiga picha safi kuliko kamera zote za ujana wako. Kamera nyingine ya nini?" Sikukujibu papo hapo kwa sababu jibu lake ni refu, na jambo ninalolipenda kiasi hiki sipendi kulisema mbiombio.

Unajua kwamba kabla sijaolewa nilifanya kazi studioni Kisumu, lakini kazi yenyewe sijawahi kukueleza. Mchana niliandika risiti na kuwanyoosha wateja kola. Jioni tuliingia chumba cha giza kusafisha picha za nyeusi na nyeupe. Taa nyekundu, na beseni tatu: dawa ya kuitoa picha, dawa ya kuisimamisha, dawa ya kuikaza isifutike, kisha maji mengi. Karatasi huingia nyeupe tupu. Nywele hutokea kwanza, halafu nyusi na mboni za macho, na mwisho kabisa shavu. Hakuna kitu kilichonishika moyo ujanani namna ile.

Mwenye studio alinifundisha kwamba kipimo cha mwanga ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Kila kitu hukichukulia kuwa cha kijivu cha wastani. Msimamishe bibi harusi wa kwetu, gauni jeupe, mbele ya ukuta mweupe: kipimo kitaona weupe mwingi na kupunguza mwanga, gauni litatoka kijivu na uso utakuwa doa. Kwa hiyo tulimsogelea, tukapima usoni peke yake, kisha tukaamua wenyewe tupunguze kiasi gani ili weusi ubaki weusi lakini uwe na nuru. Kuamua huko ndiko kulikonivutia. Filamu ilikuwa na picha 36 na kila moja ina gharama, basi ulifikiri kwanza ndipo ukabonyeza. Baadaye pesa ya filamu ikawa karo yenu, na sijutii hata senti moja.

Sasa hiyo simu. Kihisi chake cha mwanga ni kidogo mno, kwa hiyo hupiga picha kadhaa kwa mpigo, huziunganisha, huangaza penye kivuli na kulainisha ngozi kabla hujaona chochote. Juzi nilimpiga picha nyanya yako ameketi kando ya dirisha la jikoni, nusu ya uso iko gizani. Giza lile ndilo nililolitaka, maana ndilo lililobeba umri wake wote. Simu ikaliangaza, makunyanzi yakapungua, na mama mkwe wangu akatoka kama mtu wa kwenye kalenda. Imeniamulia. Kwa picha ya risiti au ya mtoto anayekimbia naishukuru sana, lakini uso wa mtu nataka kuuamulia mimi.

Ile kamera uliyoiona kabatini ni Pentax K1000, aina iliyotoka mwaka 1976. Betri yake ni ya kipimo cha mwanga tu; mengine yote ni chuma na springi. Uzuri ni kwamba lenzi yake ya milimita 50 inaingia kwenye kamera za kidijitali za Pentax zenye kioo cha kuakisi ndani, na nimepata moja iliyotumika kwa bei ninayoimudu. Kulenga ni kwa mkono, na tundu la lenzi nazungusha mwenyewe. Kwa kuwa kihisi cha kamera hiyo ya kidijitali ni kidogo kuliko filamu, lenzi hiyo huona eneo jembamba zaidi, kama ya milimita 75, na kwa sura za watu hapo ndipo ninapopataka.

Wengi wa rika langu husema dijitali imeua upigaji picha. Mimi naona imenirudishia. Zamani ukiweka filamu ya 400, namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga, unakaa nayo mpaka iishe. Sasa naweza kuibadilisha namba hiyo kila picha. Naona papo hapo kama uso umezama, narekebisha, napiga tena, na hakuna karo inayoguswa.

Kisha kuna Ziwa Nakuru. Nilipohamia hapa ufuo ulikuwa wa waridi kwa flamingo. Tangu mwaka 2010 hivi maji yamepanda, yakameza lango la mbuga na migunga ya kandokando. Magadi yalipopungua makali, mwani wanaokula ukapungua, na flamingo wengi wakahamia kwingine, likiwemo Ziwa Bogoria. Migunga iliyokauka imesimama majini, myeupe, na nataka kuipiga picha asubuhi na mapema kabla haijaanguka.

Uliuliza pia kama mikono yangu itaweza. Mohamed Amin, mpiga picha wetu wa Kenya, alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 na akarudi kwenye kamera. Vidole vyangu vina baridi yabisi tu, mwanangu.

Ukija Desemba niletee betri ya akiba na memori kadi. Na ubebe shati jeupe. Nitakusimamisha kwenye ukuta wa sebuleni uliopakwa chokaa, saa za asubuhi, nikupime usoni.

Mama yako