Mbona ndege wa Rungwe kabadilishiwa jina?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natembeza wageni Mlima Rungwe, nakaa Isongole. Kuna yule ndege mdogo wa vichakani, kichwa kijivu, mgongo rangi ya kutu. Kitabu changu cha zamani kinamwita, kwa jina la kisayansi, Pseudoalcippe abyssinica. Juzi mgeni kanionyesha kwenye simu yake: Sylvia abyssinica. Nikabisha mbele ya kundi zima, nikaumbuka. Nani kakosea?
Mtembeza wageni, Isongole

JIBU: Marahaba. Hujakosea, umepitwa tu, na mimi nilipitwa kabla yako. Daftari langu la msitu huo huo lina jina hilo la kitabu chako, limekatwa kwa kalamu nyekundu kwa hasira.

Ndege huyu unamsikia kabla hujamwona. Anapiga filimbi tamu, ukigeuka unakuta jani linatikisika, mwenyewe hayupo. Kwa huko kujificha na umbo lake, wataalamu walimweka na ndege wapiga kelele wa vichakani ambao wengi wao ni wa Asia. Walimpima kwa macho na masikio, maana ndivyo vipimo walivyokuwa navyo.

Vinasaba vikaja na habari nyingine. Tone la damu kutoka mshipa wa bawa linatosha: herufi za vinasaba zinasomwa, zinapangwa sambamba na za ndege wengine, tofauti zinahesabiwa. Zikiwa chache, babu yao ni wa karibu. Hesabu ikamtoa huyu kwa wale wa Asia, ikamkuta ndugu yake ni Sylvia atricapilla, ambaye dume lake lina kofia nyeusi na jike kofia ya kahawia. Huyo anazaliana Ulaya, na baadhi yao huja nyanda za juu za Afrika Mashariki kukimbia baridi. Kwa hiyo anayekuja mgeni na anayekaa mwenyeji ni watu wa ukoo mmoja!

Jenasi ni ukoo: inachukua uzao wote wa babu mmoja, humwachi mtoto nje kwa kuwa hafanani na kaka zake. Ndiyo maana akaingizwa Sylvia.

Sylvia yenyewe nayo ilionekana ina matawi mawili, ikagawanywa. Jina hilo alilitoa mtaalamu wa viumbe Scopoli mwaka 1769 na limefungwa kwa yule wa kofia nyeusi, basi likabaki tawi lake. Tawi la pili likafufuliwa jina la mwaka 1802, Curruca, ambalo mimi linanikwaruza ulimi mpaka leo. Yule ndege wa kahawia wa migunga, tuliyemjua kama Parisoma lugens, akapita Sylvia lugens, sasa ni Curruca lugens. Majina matatu, na yeye bado anaokota wadudu wake.

Wengine hawajaguswa hivyo. Kidenenda wa Njombe, aliyeelezwa na mtaalamu wa ndege Lynes mwaka 1933, bado ni Cisticola njombe. Kilichohama ni familia, yaani kundi kubwa lenye jenasi nyingi ndani yake, maana ile ya zamani ilikuwa kapu la kila kindege cha kahawia chenye mdomo mwembamba.

Na wewe unalijua jambo hili kuliko unavyodhani. Kipunji wako, yule kima wa Rungwe, alitangazwa mwaka 2005 kama Lophocebus kipunji. Mwaka uliofuata vinasaba vikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, akapewa jenasi yake, Rungwecebus, na sijasikia mtembeza wageni hata mmoja wa huko akibishana.

Angalia kwamba abyssinica haikubadilika. Jina la pili hudumu, labda mkia wake tu ugeuzwe lipatane na jenasi mpya. Siku hizi la pili naliandika kwa wino, la kwanza kwa penseli.

Ukimpata akiimba, nirekodie. Simu yangu iliingia maji Ziwa Ngozi pamoja na sauti zote nilizokuwa nazo.